Milinganyo miwili, herufi mbili: mwongozo kamili wa kutatua kwa kuweka badala

Muuza rolex (mayai ya kukaanga yaliyoviringishwa ndani ya chapati) wa Wandegeya, mtaa wa Kampala, hana bei ya yai. Ana bei ya rolex tu. Ukiagiza chapati moja na mayai mawili anakutajia 2,200. Jirani yako ana njaa zaidi, anaagiza chapati mbili na mayai matatu, naye analipa 3,800. Tuseme nyanya, kitunguu na chumvi ni vya bure. Yai moja linahesabiwa shilingi ngapi, na chapati shilingi ngapi? (Bei ni za mfano, ukiuziwa ghali zaidi usinidai mimi.)

Ukibahatisha utafika, maana namba zenyewe ni laini. Zikiwa na sehemu au hasi, kubahatisha kunakuacha njiani. Kuweka badala hakujali namba ni za aina gani: unaieleza herufi moja kwa kutumia nyingine, unayapachika maelezo hayo katika mlinganyo wa pili, na unabaki na herufi moja. Mlinganyo wa herufi moja unaujua tayari. Kwa hiyo ugumu wa somo hili hauko kwenye wazo, uko kwenye usafi wa kazi, na hasa kwenye mabano.

Kwanza, andika milinganyo

Hapa ndipo wengi wanapojikwaa kabla hata ya kuanza hesabu. Herufi lazima isimamie namba. Usiandike "c = chapati". Andika: c ni bei ya chapati moja kwa shilingi, na m ni bei ya yai moja kwa shilingi. Ukiandika ovyo, 2c utaisoma "chapati mbili" badala ya "bei ya chapati mara mbili", na swali likigeuka kidogo utachanganyikiwa.

c + 2m = 2,200 ……… (1)
2c + 3m = 3,800 ……… (2)

Upe kila mlinganyo namba yake pembeni, (1) na (2). Sekunde mbili hizo zitakuokoa baadaye, utakapotaka kusema "kutoka (1)" au "pachika katika (2)", na msahihishaji naye ataona ulichofanya.

Kwa wanaojiandaa kwa UCE, mtihani wa kumaliza kidato cha nne Uganda, hatua hii imekuwa na uzito zaidi. Mtihani wa 2024 ulikuwa wa kwanza chini ya mtaala mpya wa sekondari ya chini ulioanza 2020, na maswali yake huja kama visa vya maisha: duka, shamba, safari. Hukuti milinganyo imepangwa ikikusubiri. Unaitengeneza mwenyewe kutoka kwenye maneno, na ukiitengeneza vibaya, ufundi wote wa mbele hauna kazi.

Hatua zenyewe

Tafuta herufi iliyo peke yake, isiyo na namba mbele yake. Katika (1), c iko hivyo. Itenge kwa kuhamisha 2m:

c = 2,200 − 2m ……… (3)

Tulia kidogo hapa. Mstari huu unasema kwamba c na 2,200 − 2m ni kitu kimoja kilichoandikwa kwa namna mbili. Alama ya = ilianza kutumika katika kitabu cha Robert Recorde wa Wales mwaka 1557, na kazi yake haijabadilika: vilivyo pande zake mbili vina thamani moja. Basi popote unapoiona c, una ruhusa ya kuifuta na kuandika 2,200 − 2m. Njia yote imesimama juu ya ruhusa hiyo.

Sasa nenda kwenye mlinganyo wa (2), ule ambao hujaugusa, upachike:

2(2,200 − 2m) + 3m = 3,800

Angalia mabano. 2 ilikuwa inazidisha c nzima, kwa hiyo sasa inazidisha kitu kizima kilichokaa mahali pa c. Fungua mabano, kisha kusanya zinazofanana:

4,400 − 4m + 3m = 3,800
4,400 − m = 3,800
m = 600

Rudi kwenye (3) upate c:

c = 2,200 − 2(600) = 1,000

Yai ni shilingi 600, chapati 1,000. Andika jibu kwa maneno, kwa sababu swali liliuliza bei, halikuuliza c na m.

Na kama ungeipachika (3) katika (1) badala ya (2)? Jaribu: (2,200 − 2m) + 2m = 2,200, yaani 2,200 = 2,200. Ni kweli tupu, lakini haikupi chochote, maana umeuambia mlinganyo kitu ulichokitoa kwake mwenyewe. Ukijikuta na 2,200 = 2,200, kabla hujadhani swali ni la ajabu, angalia kama hukurudi kulekule ulikotoka.

Mabano na alama ya kutoa

Kama una muda wa kusoma sehemu moja tu, isome hii. Chukua:

y = 2x − 7 ……… (1)
4x − 3y = 15 ……… (2)

y imekwisha kutengwa, kazi imepungua. Pachika katika (2):

4x − 3(2x − 7) = 15

Sasa polepole. Kinachozidisha mabano ni hasi 3, si 3. Hasi 3 mara 2x ni hasi 6x. Hasi 3 mara hasi 7 ni chanya 21. Kwa hiyo:

4x − 6x + 21 = 15
−2x = −6
x = 3

na y = 2(3) − 7 = −1.

Sasa tumwangalie mwanafunzi mwenye haraka. Yeye anaandika 4x − 6x − 21 = 15. Anapata −2x = 36, yaani x = −18, kisha anarudi kwenye (1): y = 2(−18) − 7 = −43. Ni mwangalifu, anataka kuhakiki. Anachukua (1): je, −43 ni sawa na 2(−18) − 7? Ndiyo, −36 − 7 ni −43. Anaweka alama ya vema, anafunga daftari.

Uhakiki wake ulikuwa bure. y aliitoa kwenye (1), kwa hiyo lazima ikubaliane na (1), hata x ingekuwa namba aliyoiokota barabarani. Angehakiki katika (2) angeona: 4(−18) − 3(−43) = −72 + 129 = 57, wala si 15. Kanuni ni hii: hakiki katika mlinganyo ule ambao hukuutumia kutenga herufi, na uutumie ulivyoandikwa mwanzo kabisa, kabla hujaufanyia lolote. Kwa jibu sahihi, 4(3) − 3(−1) = 12 + 3 = 15. Sawa.

Mabano huokoa hata pale unapopachika namba peke yake. −3y ukiweka y = −1 bila mabano inakuwa −3−1, na jicho lililochoka linasoma hasi 4. Andika −3(−1).

Utenge herufi ipi?

Uko huru kutenga yoyote, jibu litakuwa lilelile. Kinachotofautiana ni jasho. Iliyo peke yake ndiyo ya kwanza kuchaguliwa. Isipokuwepo, angalia kama kuna kipande kizima unachoweza kukihamisha. Huu ni ujanja ambao haufundishwi sana, nami sielewi kwa nini.

Mama mmoja wa Busia ananunua kilo 3 za unga wa posho (unga wa mahindi) na kilo 2 za maharage kwa 17,000. Wiki hiyohiyo, kwa bei ileile, ananunua kilo 5 za unga na kilo 4 za maharage kwa 31,000. p iwe bei ya kilo ya unga na b bei ya kilo ya maharage, zote kwa maelfu ya shilingi ili tusiburute sifuri:

3p + 2b = 17 ……… (1)
5p + 4b = 31 ……… (2)

Hakuna herufi iliyo peke yake. Wengi watatenga b, wapate (17 − 3p) chini yake 2, na sehemu zianze kuwasumbua. Lakini angalia: 4b ni 2b mara mbili. Tenga 2b nzima, usiigawanye:

2b = 17 − 3p

Kisha katika (2), 4b iandike 2(2b):

5p + 2(17 − 3p) = 31
5p + 34 − 6p = 31
p = 3

2b = 17 − 9 = 8, basi b = 4. Kilo ya unga ni 3,000 na ya maharage 4,000. Ruhusa ya = haikusema lazima kinachobadilishwa kiwe herufi moja; kipande chochote chenye thamani sawa kinafaa.

Na pale ambapo hata ujanja huo haupo?

3x + 5y = 1 ……… (1)
2x − 3y = 7 ……… (2)

Ukiacha alama ya kutoa, namba iliyo ndogo kuliko zote mbele ya herufi ni ile 2 ya x katika (2). Anzia hapo: 2x = 7 + 3y, kwa hiyo x = (7 + 3y)/2. Pachika katika (1):

3(7 + 3y)/2 + 5y = 1

Usianze kugawanya. Zidisha kila kipande kwa 2 ili sehemu iondoke mara moja. Nasema kila kipande, pamoja na 5y na pamoja na 1 iliyo upande wa kulia, ambayo husahaulika kuliko zote:

3(7 + 3y) + 10y = 2
21 + 9y + 10y = 2
19y = −19
y = −1

x = (7 + 3(−1))/2 = 4/2 = 2. Hakiki katika (1): 3(2) + 5(−1) = 6 − 5 = 1. Safi.

Kusema kweli, kwa swali kama hili ningetumia njia ya kuondoa herufi: kuzidisha milinganyo mpaka x zilingane, kisha kutoa mmoja kwa mwingine. Kila njia ina siku yake. Ila asiyeweza kuondoa sehemu kwa mkono uliotulia atapata shida kwingine pia, basi mazoezi haya hayapotei.

Milinganyo yote miwili ikianza na y =

Hapa kazi ni fupi mno. Mwendesha boda mmoja anatoza 2,000 za kupanda na 500 kwa kila kilomita. Mwingine anatoza 1,000 za kupanda na 700 kwa kilomita. x iwe kilomita, y nauli:

y = 2,000 + 500x
y = 1,000 + 700x

y ni y, kwa hiyo pande za kulia zinalingana: 2,000 + 500x = 1,000 + 700x. Hapo 1,000 = 200x, x = 5, na y = 4,500. Kwenye kilomita 5 wote wawili wanatoza sawa. Safari fupi kuliko hiyo, mpande wa pili. Ndefu zaidi, mpande wa kwanza. Ukichora grafu ya mistari hiyo miwili, itakatana pale penye x = 5 na y = 4,500. Jibu la milinganyo miwili ni mahali mistari inapokutana, na hilo linatusaidia kuelewa jambo linalofuata.

Herufi zote zikitoweka

Siku nyingine unapachika vizuri, unafungua mabano vizuri, na herufi zote zinafutana. Wanafunzi huogopa, hufuta ukurasa mzima. Usifute.

Jumatatu umenunua nanasi moja na maembe mawili kwa 5,000. Jumanne, mananasi mawili na maembe manne kwa 16,000. Kwa maelfu ya shilingi:

n + 2e = 5
2n + 4e = 16

n = 5 − 2e, kwa hiyo 2(5 − 2e) + 4e = 16, yaani 10 − 4e + 4e = 16, yaani 10 = 16. Huu ni uongo, na hakuna bei yoyote ya nanasi na embe inayoweza kuufanya kweli. Bidhaa za Jumanne ni zile za Jumatatu mara mbili, zilipaswa kugharimu 10,000. Umelipa 16,000, basi bei ilipanda usiku. Jibu la hesabu ni "hakuna jibu", na kwenye grafu mistari hiyo ni sambamba, haikutani.

Ungelipa 10,000 ungepata 10 = 10. Hapo mlinganyo wa pili umerudia yaleyale ya wa kwanza, na majibu hayana mwisho: nanasi 3,000 na embe 1,000 inafaa, nanasi 2,000 na embe 1,500 inafaa pia. Mstari umelala juu ya mstari.

Taksi na jibu lisilowezekana

Taksi ya abiria 14 inatoka Kampala kwenda Jinja ikiwa imejaa. Baadhi wanashukia Mukono kwa 3,000, waliobaki wanafika Jinja kwa 10,000. Kondakta ana 98,000 mkononi. Wangapi walishukia Mukono?

x iwe idadi ya wa Mukono, y ya wa Jinja. Mlinganyo mmoja unahesabu watu, mwingine unahesabu pesa, na huwezi kuvichanganya:

x + y = 14
3x + 10y = 98 (kwa maelfu)

x = 14 − y. Pachika: 3(14 − y) + 10y = 98, yaani 42 + 7y = 98, y = 8, x = 6. Hakiki: 18 + 80 = 98.

Sasa tuseme kondakta anamwambia mwenye gari kwamba amekusanya 95,000. Hapo 42 + 7y = 95, na y inakuwa 53/7, saba na nusu na kidogo. Hesabu haina kosa, lakini hakuna abiria wa nusu. Ama kuna aliyepunguziwa nauli, ama kuna noti imepotea njia. Katika maswali ya watu, mbuzi au noti, jibu lenye sehemu au lenye hasi ni ishara ya kurudi kusoma swali upya.

Umri nao una mtego wake. Mama ana umri mara tatu ya mwanawe. Baada ya miaka 12 atakuwa na mara mbili ya umri wa mwanawe. Mlinganyo wa kwanza ni m = 3k. Wa pili si m + 12 = 2k, kwa sababu mtoto naye hukua: ni m + 12 = 2(k + 12). Pachika: 3k + 12 = 2k + 24, k = 12, m = 36.

Mahali ambapo njia hii haina mpinzani

Mlinganyo mmoja ukiwa na kipeo cha pili, kuondoa herufi kwa kujumlisha au kutoa mara nyingi hugonga mwamba. Kuweka badala huendelea kama kawaida:

y = x + 1
x² + y² = 25

x² + (x + 1)² = 25. Fungua kwa uangalifu: (x + 1)² ni x² + 2x + 1, ile 2x ya katikati usiiache. Inakuwa 2x² + 2x − 24 = 0. Gawanya kwa 2: x² + x − 12 = 0, ambayo ni (x + 4)(x − 3) = 0. x ni 3 au −4, na y inayoambatana nayo ni 4 au −3. Majibu ni jozi mbili, (3, 4) na (−4, −3), kwa sababu mstari ulionyooka umelikata duara mara mbili. Andika jozi; ukiandika "x = 3, −4 na y = 4, −3" bila kuonyesha ipi inakwenda na ipi, umeacha kazi nusu.

Vivyo hivyo kwa herufi tatu na milinganyo mitatu: tenga moja, ipachike katika miwili iliyobaki, nawe umerudi kwenye herufi mbili.

Ya kujaribu mwenyewe

(a) y = 3x − 4 na 2x + y = 11.
(b) x − 4y = 9 na 3x + 2y = −1.
(c) Mweka hazina wa chama ana noti 23, za 5,000 na za 2,000 tu, jumla 82,000. Za kila aina ni ngapi?
(d) 3x − y = 4 na 6x − 2y = 9.

Majibu: (a) x = 3, y = 5. (b) x = 1, y = −2; ukipata y = 2, tazama tena upande wa kulia ulipohamisha 27. (c) Noti 12 za 5,000 na 11 za 2,000. (d) Utafika 8 = 9, na hapo ndipo unapoandika: hakuna jibu.